Farasi wa Redioni na Mbuzi Aliyenukia Sabuni

Juzi binti yangu alinionyesha farasi kwenye simu yake. Walikuwa kama kumi na tano hivi, wakikimbia juu ya majani mabichi yaliyokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Sauti ilikuwa imezimwa, kwa hiyo walipita kimya, kama watu wanaopita ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

"Papa, unawaona?"

"Ninawaona. Yupi ongre, yupi etalo?"

Akanitazama vile watoto wanavyomtazama mzazi aliyeanza kuharibika. Ikabidi nimweleze. Etalo ni farasi dume kamili, yule anayewekwa ili azae. Ongre ni dume aliyehasiwa. Hazai, anakimbia tu. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha, na hapo ndipo matatizo ya maisha yangu yalipoanzia.

Maneno hayo sikuyapata shuleni, ingawa sekondari niliimaliza na karatasi ninayo, mende wamekula kona moja tu. Niliyapata nyumbani, na sishangai, maana karibu kila kitu nilichopata katika dunia hii nilikipata nyumbani. Kuna watu wa njia na kuna watu wa nyumba. Vita vilipofika Kindu, mji ukafungwa, njia za mashamba zikafungwa, na kila mtu akalia kwamba maisha yake yamesimama. Mimi peke yangu ratiba yangu haikubadilika. Niliamka, nikakaa barazani. Jua lilipofika barazani, nikahamia nyuma ya nyumba. Jirani zangu walijifunza kwa uchungu kazi ambayo mimi nilikuwa fundi wake tangu zamani.

Nilikaa na baba mudogo, mdogo wa marehemu baba yangu. Alikuwa amefanya kazi kwenye reli mpaka siku treni ilipokosa kurudi. Majani yakaota katikati ya vyuma, na yeye akaja kwangu na vitu viwili: kofia ya kazi na redio. Mawe ya redio ile, yaani betri zake, yalikuwa yamechoka kama sisi. Kila asubuhi aliyapanga kwenye bati yapate jua, akiyageuza kama mtu anayekausha samaki, na saa ya mchana, ikiwa Mungu amependa, redio ilipata nguvu ya kutosha kutuletea mbio za farasi kutoka Ufaransa.

Mtu mwingine angetafuta habari za vita. Baba mudogo alisema habari za vita anazisikia bure, kutoka msituni, bila mawe.

Farasi tulikuwa hatuna. Katika mji wote wa Kindu hakuna aliyekuwa nao, na sidhani kuna aliyewahi kuwa nao kwa muda mrefu. Inzi wa huku hawapendi wageni wenye miguu minne. Lakini baba mudogo alikuwa amemwona farasi mmoja, Lubumbashi, siku treni yake ilipolala huko. Alimwona kupitia ua wa michongoma, upande wa nyuma tu. Upande huo alinisimulia mara nyingi mpaka naamini ningeutambua katika umati.

"Mukia yake," alisema, "ilikuwa inatembea polepole, kama muke ya mukubwa anajipepea kanisani."

Basi tulikaa chini ya dirisha, sauti ya Mfaransa ikaja na kwenda kama maji yanavyopiga ukingo wa Lualaba, na kila mmoja wetu akachagua farasi wake kwa namba. Atakayeshindwa ndiye atakayechota maji. Baba mudogo siku zote alichagua ongre. Mimi, kwa ubishi, nilichagua etalo. Nilichota maji mengi sana.

"Sababu gani ongre wanashinda hivi?" nilimuuliza siku moja, ndoo mkononi.

"Sababu hawana mawazo. Etalo anakimbia, lakini kichwa iko kwa wanawake. Jike moja akipita na upepo, imekwisha: anatupa mutu chini, anapiga jirani teke. Ongre yeye anaona njia tu. Halafu etalo akishinda miaka mbili, tatu, wanamuondoa, wanamupeleka kuoa. Kazi yake inakuwa kuoa mpaka kufa. Ongre anabakia na mbio, mwaka kwa mwaka, mpaka anazeeka na watu wanamupenda kama mujomba."

Kitu kimoja tu kilimkasirisha. Kulikuwa na mbio moja kubwa ya Paris ambayo ongre hakubaliwi kuingia, hata awe na mbio za upepo, kwa sababu mbio ile inatafuta baba wa farasi wa kesho. Baba mudogo alilichukua jambo hilo kama tusi la familia. Siku ya mbio ile alizima redio kwa heshima ya waliofungiwa nje.

Sasa, nyuma ya nyumba nilikuwa na beberu. Rangi yake ya kahawia, uso mweupe, ndevu kama za mwalimu wa hesabu. Nilimtunza kwa kusudi moja. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa msichana na bibi yake mzaa mama. Ndiyo, nyumba ya tatu. Mapenzi ya mbali sikuyaweza. Tulikuwa tumeongea kwenye ua kwa karibu mwaka mzima, yeye amesimama na mzigo kichwani, mimi nimekaa. Beberu yule ndiye angekuwa mbuzi wangu wa kupeleka kwa bibi, mbuzi wa kufungua mazungumzo. Bila mbuzi huyo, hakuna mazungumzo; bila mazungumzo, ningezeeka nikiongea kwenye ua.

Lakini beberu alikuwa etalo kamili. Alinuka mpaka nguo kwenye kamba zilinuka. Upepo ukileta harufu ya mbuzi jike, alilia kama mtu aliyefiwa, akakata kamba, akaenda. Na wakati ule, kila mnyama aliyesikika alikuwa anawaita watu wenye bunduki. Katika avenyu yetu mbuzi waliisha mmoja mmoja. Leo analia, kesho hasikiki. Baba mudogo alisikiliza kilio kile kwa wiki moja, halafu akasema:

"Huyu etalo yako atatuletea basoda mpaka ndani ya chungu. Tumufanye ongre."

"Ni mbuzi wa ukwe, baba mudogo."

"Njo sababu! Atanenepa, nyama yake itakuwa tamu, haitanuka. Bakwe wako watakula na kukusifu."

Kwetu, mbuzi wa ukwe analiwa siku ileile, na anayepewa mguu wa nyuma anasema neno zuri. Kwao je? Sikuuliza. Nilikuwa na mwaka mzima wa kuuliza, kwenye ua, bure. Tuliongea juu ya mawingu, juu ya mchele wa Kibombo na jinsi ulivyokuwa unanukia zamani, juu ya kama treni itakaporudi italeta vumbi lilelile. Juu ya mbuzi, hata neno.

Jirani yetu mmoja, aliyewahi kuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, bado alikuwa na koleo lile kubwa la kubana mishipa bila kukata ngozi. Akaja, akabana upande mmoja, akabana wa pili. Hakuna damu. Beberu alilia mara mbili, halafu akanitazama kwa macho ambayo mpaka leo yakinijia nageuka upande wa ukuta. Kwa nje kila kitu kilibaki mahali pake. Ukimtazama kwa mbali, beberu. Ni kama farasi wale.

Na baba mudogo alisema kweli, hilo sikatai. Baada ya wiki chache mbuzi akawa mtu mwingine. Akaacha kulia. Harufu ikaondoka kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Nilimwingiza ndani, akalala chini ya kitanda changu, na ikawa maisha yetu yanafanana: wote wawili tunatafuna, tunatazama mlango, hatuna haraka. Watu wa bunduki walipita mara mbili kwenye avenyu, mara moja waliingia mpaka sebuleni kwetu wakauliza kama kuna mnyama. Mbuzi alikaa kimya. Mimi pia. Baba mudogo akasema mnyama aliyebaki ni huyu tu, akanionyesha mimi, na wakacheka, wakaenda.

Siku moja redio ilisema kwamba kule kwenye mazizi ya wakubwa, farasi mkali asiyetulia huwekewa mbuzi alale naye. Baba mudogo alisimama, akavaa kofia yake ya kazi. "Umesikia? Mbuzi! Mutu wetu iko na kazi Ulaya!" Tangu siku hiyo alimsalimia mbuzi kila asubuhi, kwa Kifaransa.

Ulipofika msimu ambao milio ya msituni ilipungua, nikaamua. Nilimwosha mbuzi kwa kipande cha mwisho cha sabuni ya mawese, nikamchana ndevu, nikamfunga kitambaa shingoni. Nyumba ya tatu, hatua kama sitini. Niliona nimesafiri.

Bibi alitupokea, mimi, baba mudogo na mbuzi, amekaa kwenye mkeka, mjukuu wake nyuma ya pazia la mlango. Niliona miguu yake. Kwa desturi ya kwetu bibi anataniana na mchumba wa mjukuu, kwa hiyo aliniita bwana yake, nikamwita muke wangu, mambo yakaanza vizuri. Akaomba mbuzi asogezwe. Akamshika pembe, akavuta kichwa chake karibu, akanusa katikati ya pembe, pale ambapo beberu hunuka zaidi. Akanusa tena. Akafumba macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Bwana yetu," akasema, "umeniletea beberu ao umeniletea bibi arusi?"

Pazia lilicheka.

"Nilimwosha, muke wangu."

"Beberu anaoshwa mpaka harufu ya ndani inatoka?" Mkono wake ukaenda chini ya tumbo la mbuzi, ukatulia pale, ukarudi. "Ee. Mufuko iko. Mwenye mufuko haiko."

Akasimama, akatuonyesha jikoni kwake. Huko, nyuma ya kuni, kulikuwa na mbuzi jike wawili, wamekonda, macho makubwa. Aliwaficha vita vyote. Kwao mbuzi wa mchumba haliwi. Anaingia kwenye mbuzi wa bibi, na mtoto wa kwanza atakayezaliwa ni wa bibi arusi. Ndiye anayemtangulia kwenda kwa mume wake. Bila mtoto huyo, msichana hatoki. Katika avenyu yote hapakuwa tena na beberu mwingine. Bibi alikuwa akisikia kilio cha wangu kwa miezi mingi na akajituliza nacho. Kiliponyamaza alifikiri nimekuwa mwerevu, nimemfunga mdomo.

Baba mudogo akaona afadhali atusaidie. Akaeleza kuhusu ongre. Akaeleza miaka yao mingi ya kukimbia, utulivu wao, namna watu wa Ulaya wanavyowapenda. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Na hao farasi wako ongre," akauliza, "mama na baba yao ni nani?"

"Baba ni etalo," baba mudogo akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mutuletee huyo."

Nikaelewa kwamba nilikuwa nimefika kwenye ile mbio ya Paris, na nimefungiwa nje pamoja na mnyama wangu. Bibi alinishika mkono kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Akasema: "Mbuzi zangu zinazeeka. Mujukuu wangu naye. Siku utakuja unanuka, tutaongea."

Jioni ile msichana alikuja kwenye ua. Hakuwa na mzigo kichwani.

"Utatoka kweli kutafuta beberu?" akaniuliza. "Weye? Hata mai unangojea farasi washindwe njo uchote."

"Nitatoka."

"Mpaka wapi?"

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali. Yeye alisema kule Kalima wachimbaji wanafuga mbuzi, na njia ya huko imeanza kupitika. Akasema tena, bila kutania safari hii, kwamba shangazi yake wa upande wa mto ametaja mtu mwingine, mtu mwenye mbuzi. Halafu akaenda. Nilibaki nimeshika ua mpaka mikono ikanuka miti.

Kitu cha kubadilishana sikuwa nacho. Asubuhi nilikuta redio juu ya meza, imefungwa ndani ya ile kofia ya kazi.

"Chukua," baba mudogo alisema. "Mawe yenyewe yamekufa."

Hayakufa. Niliyaona kwenye bati jana yake, na redio nikaisikia ikisema. Lakini alikuwa amegeuka tayari, anamsalimia mbuzi.

Sitasimulia safari nzima, maana ningeonekana shujaa na jirani zangu wanasoma. Nilivuka Lualaba kwa mtumbwi nikiwa nimefumba macho. Nilitembea siku nne nikisukuma baiskeli ya kuazima, msitu pande mbili, mwanga wa kijani unashuka kana kwamba tunaishi chini ya maji, na watu wanatokea na mizigo yao bila sauti, wananisalimia, wanapotea. Nilikuwa na woga, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa ninaenda mahali. Usiku wa njiani nililala bila kitanda chini yangu wala mbuzi chini ya kitanda, nikaota mikia ya farasi inatembea polepole.

Kalima nilimpata mchimbaji wa kasiterite, yale madini ya bati, mwenye beberu mweusi wa kutisha. Alitaka kusikia redio kwanza. Nikaiwasha mbele yake, mchana, na kati ya mikwaruzo ikatoka sauti ya yule Mfaransa. Mbio zilikuwa zinaanza. Mchimbaji alitaka muziki, nikamwomba: kaka, dakika mbili tu, kwa heshima ya mwenye redio. Nikamchagulia baba mudogo namba saba, kwa sababu ilikuwa ongre, miaka tisa, mzee kati ya vijana. Tulisimama wote wawili, mimi na mtu mwenye matope mpaka kiunoni, tukisikiliza viumbe ambao hatujawahi kuwaona, wakikimbia mahali ambapo hatutafika. Halafu nikampa redio.

Kurudi, nilinuka. Beberu yule alijikojolea ndevu kila asubuhi kwa kujipamba, na mimi ndiye niliyelala karibu naye. Kwenye mtumbwi abiria walisogea wote upande mmoja mpaka mwenye mtumbwi akapiga kelele.

"Huyu mutu ao huyu mbuzi, mumoja aogelee!"

"Tumuache mbuzi," mama mmoja akasema. "Mbuzi iko afadhali."

Nilipita nyumbani bila kusimama, nikaenda moja kwa moja nyumba ya tatu. Bibi hakumnusa mbuzi. Alininusa mimi, katikati ya paji la uso, akicheka mpaka akakaa chini. "Sasa njo bwana," akasema. Pazia likafunguliwa.

Lakini beberu mweusi hakutulia. Usiku wa kwanza alivunja mlango wa jikoni, akawapiga wale jike wawili pembe, akagoma kula. Bibi akanijia asubuhi na sura ya mtu aliyeletewa jambazi. Baba mudogo ndiye aliyekumbuka. Akamchukua mbuzi wetu wa chini ya kitanda, akampeleka taratibu, hatua sitini, akamfunga karibu na yule mweusi. Ongre akatafuna. Akatazama mlango. Baada ya muda beberu naye akatafuna. Baada ya miezi mitano alizaliwa mtoto, wa kike, uso mweusi, na huyo ndiye aliyemtangulia mke wangu kuingia katika nyumba hii ambayo tangu siku ile sikuiacha tena bila sababu.

Yule ongre aliishi miaka mingi. Watoto wa mbuzi walilala wakimwegemea, na alikufa mzee, barazani, upande wangu. Beberu mweusi alifanya kazi yake, akaenda kwa wengine. Leo ukisikia mbuzi analia kwenye avenyu yetu, ni wa ukoo wake. Na treni inafika, siku inapotaka.

Siku niliporudi kutoka Kalima, baba mudogo aliniuliza jambo moja tu: mbio zilikwendaje? Nikamwambia namba saba, ongre wa miaka tisa, alitoka nyuma, akawapita wote. Uso wake ulifunguka kama dirisha. Ukweli ni kwamba namba saba alikuwa wa nne. Aliyeshinda ni etalo kijana.

Sasa baba mudogo macho yake yana ukungu. Juzi binti yangu alipomaliza kunishangaa, alipeleka simu kwake, akamwekea karibu na uso. Farasi wakapita tena, kimya. Mzee aliinama, akatafuta, mkono wake ukitembea hewani kama unaofuata mkia.

"Ongre iko wapi?" akauliza.

"Iko mbele," nikasema. "Anawaacha wote."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele pembeni. Hakuinua kichwa. "Muongo," akasema polepole, ili nisikie mimi peke yangu, na akaendelea kupepeta.